Uzi: Siku ya balaa, msemaji wa kwanza wa kampuni yako ni soja wa geti

MzeeWaStoo | Jumatatu, saa 2:40 usiku

Wadau, hii nimekaa nayo miaka mitatu. Sasa nimeshatoka pale na naweza kuisimulia, ila jina la kampuni sitaji, na msinifuate pembeni kuniuliza.

Tulikuwa na ghala kando ya barabara ya Mombasa, ukitoka mjini Nairobi kabla hujafika Cabanas. Plastiki, maboksi, rangi kidogo. Watu wa ofisini hamsini na kitu, na vibarua kati ya thelathini na themanini, kutegemea kontena ngapi zimeingia siku hiyo. Mpango wa dharura tulikuwa nao. Naukumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kuuchapisha River Road: kurasa 94, jalada la bluu, nembo ya kampuni kwa wino wa dhahabu. Mshauri aliyeuandika alilipwa pesa za kutosha kununulia mtaa mzima mitungi ya kuzimia moto. Nakala moja ilikaa kwa mkurugenzi, moja kwa meneja wa utawala, na ya tatu kwenye seva.

Moto ulishika Jumamosi saa tano asubuhi. Mkurugenzi yuko angani anaelekea Dubai. Meneja wa utawala yuko Murang'a kwenye ruracio (sherehe ya mahari) ya mpwa wake, simu kaiacha ndani ya gari. Seva ilikuwa chumba cha pili kutoka pale moto ulipoanzia, ikatangulia yenyewe. Hizo ndizo nakala zetu tatu.

Sasa sikilizeni saa ya kwanza ilivyokwenda.

Fundi wa stima alikuwepo, tena amesimama hatua kumi kutoka kwa swichi kuu. Hakuizima. Mwaka uliotangulia aliwahi kuzima bila kuuliza baada ya kusikia harufu ya waya, mashine ikaharibu kazi ya siku nzima, akakatwa mshahara. Kwa hiyo safari hii alitoa simu akaanza kutafuta mtu wa kumruhusu. Dakika kumi na moja. Najua ni kumi na moja kwa sababu baadaye mtu wa bima alihesabu kwenye simu yake.

Halafu hesabu ya watu. Mashine ya alama za vidole iko ukutani, ndani. Daftari la wageni liko mapokezi, ndani. Vibarua hawamo kwenye mashine kabisa. Nyapara huandika majina yao kwenye karatasi, na karatasi ile aliiacha mezani alipokimbia, wala simlaumu. Zima moto walipofika walikuwa na swali moja tu: kuna mtu amebaki ndani? Tukaangaliana.

Aliyetuokoa ni mama wa kibanda cha chai nje ya geti. Ana daftari la madeni. Asubuhi ile watu 41 walikuwa wamekunywa chai na mandazi kwa deni, na kila mmoja jina lake liko pale na kiasi anachodaiwa. Tukasimama kando ya barabara tunaita majina kutoka daftari la chai kama mwalimu wa zamu. Waliotusumbua ni wale waliolipa taslimu. Mpaka saa nane mchana tulikuwa tumewapata wote wazima, na mpaka leo sijui ingekuwaje kama mama yule angekuwa hakopeshi.

Wakati sisi tunaita madeni, kijana mmoja na kamera alifika getini akamuuliza soja kumetokea nini. Soja wetu ni mtu mkweli. Akasema: "Hizo waya zinatoa cheche tangu mwezi jana, na niliwaambia." Jioni hiyo ndiyo ilikuwa habari. Taarifa ya kampuni ilitoka Jumatatu, ikasema chanzo cha moto hakijajulikana. Hebu fikiria tulivyoonekana.

Nauliza hivi: huko kwenu, tuseme balaa limeingia Jumamosi saa tano na wakubwa hawapo, nani ana ruhusa ya kuzima, kufunga, kutoa watu nje, kusema neno? Sitaki kusikia kuhusu faili.

---

KijanaWaDonholm | saa 2:58 usiku

Tahadhari kabla ya hatari.

---

MzeeWaStoo | saa 3:01 usiku

@KijanaWaDonholm hiyo iliandikwa kwenye ukuta wetu tangu 2011, kwa herufi nyekundu. Ukuta ukaungua pia.

---

Tarishi98 | saa 3:30 usiku

Umenirudisha mbali. Tarehe 7 Agosti 1998, siku ya bomu la ubalozi wa Marekani, nilikuwa tarishi kwenye ofisi moja mjini, ghorofa ya nne, si mbali na stesheni ya reli. Watoto wa siku hizi wanajua tu bustani ya ukumbusho pale kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba kulikuwa na mshindo mdogo kwanza. Watu wakafanya kile mtu yeyote hufanya: wakakimbilia madirishani waone. Ndipo lori likalipuka. Nairobi peke yake walikufa watu 213, na wengi walioumia macho ni vioo vya madirisha waliyokuwa wamesimama nyuma yake. Mimi nilipona kwa sababu nilikuwa chooni. Hakuna ujanja wowote hapo.

Tangu siku ile, kila ofisi niliyofanya kazi nawaambia vijana: ukisikia mshindo, dirisha ni adui yako. Wananicheka, wananiita mzee wa bomu. Haya.

Lakini nataka kuongeza kitu kuhusu hesabu. Wakati huo hatukuwa na simu za mkononi, na za mezani zilikuwa hazishiki. Dada mmoja wa ofisini kwetu tulimtafuta siku tatu. Kenyatta, hospitali za mjini, mochari ya City. Alikuwa kwa dada yake Kariobangi, amelala, hasemi na mtu, mshtuko umemshika. Alitoka mjini kwa miguu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba siku ya balaa, ukishafika salama, ripoti kwa fulani. Baadaye bosi wetu, Mhindi mmoja mzee sana, alichagua nyumba ya shemeji yake Parklands, akatuandikia anwani na namba ya pale kwenye kadi ngumu, kila mtu akapewa. Mjini kukichafuka, piga hapo au fika hapo. Kadi ile ninayo bado. Kurasa 94 sikuwahi kupewa.

---

Msemaji_Mstaafu | saa 4:15 usiku

MzeeWaStoo, pole kwa yaliyowapata, lakini kichwa cha uzi wako kinanikera. Nimefanya kazi ya mawasiliano ya kampuni miaka kumi na tisa. Kanuni ya kwanza: msemaji ni mmoja. Soja akianza kusema, na dereva akisema, na yule wa mapokezi akitupia picha kwenye WhatsApp, umeshapoteza. Wafanyakazi wote wafundishwe sentensi moja: "Mimi si msemaji, tafadhali subirini."

Na mfano mzuri upo, wala si wa jana. Mwaka 1982 huko Chicago watu saba walikufa baada ya kumeza vidonge vya maumivu vya Tylenol vilivyotiwa sumu ya sianidi. Johnson & Johnson, watengenezaji wa dawa hiyo, waliondoa madukani chupa milioni 31 nchi nzima, hasara ya dola milioni 100 hivi, na mwenyekiti wao James Burke akawa ndiye uso na sauti ya kampuni. Baada ya miezi michache dawa ilirudi sokoni na vifungashio ambavyo ukivigusa vinaonyesha vimeguswa. Wateja walirudi. Hiyo ni nidhamu, msemaji mmoja, ujumbe mmoja.

---

WakiliWaMtaani | saa 4:40 usiku

Kila semina ya Nairobi yenye chai na samosa lazima huyu Tylenol atolewe kabatini.

Mzee wangu Msemaji, kwa heshima: wale hawakutia sumu wao. Mtu wa nje alichezea chupa madukani. Ukiwa huna hatia, ni rahisi kuwa muwazi, ingawa nakubali si rahisi kutoa dola milioni 100. Mtihani ni pale kosa ni lako. Angalia BP, kampuni ya mafuta. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka, wafanyakazi 11 wakafa, mafuta yakamwagika baharini karibu miezi mitatu. Msemaji alikuwa mmoja, mkurugenzi mkuu Tony Hayward mwenyewe, amefunzwa, ana watu wa mawasiliano kila upande. Mwezi wa tano akasema mbele ya kamera kwamba angependa apate maisha yake tena. Watu 11 hawatayapata yao. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameacha cheo. Kwa hiyo msemaji mmoja si dawa kama huyo mmoja anajihurumia.

MzeeWaStoo, mimi nina swali la kisheria tu. Soja alisema "niliwaambia". Alimwambia nani? Kwa mdomo?

---

MzeeWaStoo | saa 5:05 usiku

@WakiliWaMtaani nilijua mtu ataliuliza.

Hakuambia kwa mdomo tu. Aliandika. Masoja wana daftari la matukio pale getini, lile jeusi lenye mgongo mwekundu. Cheche ziliandikwa mara tatu, na tarehe, na saa, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. "Saa 8:20 usiku, waya juu ya mlango wa stoo namba 2 unatoa cheche, nimeripoti." Kila Ijumaa daftari linapelekwa kwa meneja wa utawala atie sahihi. Alitia. Kurasa zote tatu zina sahihi yake.

Daftari lilikuwa getini, kwa hiyo halikuungua. Mtu wa bima alilisoma kabla ya sisi kulisoma.

---

WakiliWaMtaani | saa 5:09 usiku

Lo.

Basi fidia mlipata ya kuhesabia vidole.

---

MzeeWaStoo | saa 5:11 usiku

Hilo sijibu.

---

Karani2016 | Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Nimeusoma uzi nikiwa kwenye matatu, nikapitwa na kituo. Acha nilete wa kwangu, si wa moto ila ni moto vilevile.

Aprili 2016 nilikuwa karani kwenye tawi la benki moja Eastlands. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Agosti 2015 Dubai Bank ilianguka, Oktoba ikafuata Imperial, halafu tarehe 7 Aprili 2016 Benki Kuu ikaiweka Chase chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa benki iliyokwama. Benki tatu ndani ya miezi minane hivi. Chase ilikuwa imetoa hesabu za mwaka kisha ikatoa nyingine zisizofanana na za kwanza, na habari ikazunguka kwenye simu za watu mchana mmoja. Wateja wakatoa pesa mpaka ikashindikana kufungua asubuhi yake. Ilifunguliwa tena tarehe 27 Aprili chini ya usimamizi wa benki ya KCB, na wenye akiba isiyozidi milioni moja wakaruhusiwa kuzichukua.

Sasa, benki yetu haikuwa na tatizo lolote. Lakini saa nne asubuhi siku ile foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Na foleni ya benki ikitoka nje, kila anayepita anaiona, anajiunga, kisha ndiyo anauliza kuna nini.

Makao makuu walituma karatasi ya kubandika mlangoni: "UVUMI UNAOENEZWA KUHUSU BENKI YETU NI WA UONGO." Tukabandika. Watu ambao hawakuwa wameusikia uvumi wakausoma pale. Foleni ikaongezeka. Meneja wa tawi letu, mama mmoja mkali hata kikohozi chake tulikiogopa, alikuja akaing'oa kwa mkono wake na kusema kama kuna wa kumfukuza kazi aje.

Kisha akafanya hivi. Madirisha yote sita yakafunguliwa, hata yale mawili ambayo kwa kawaida ni pambo. Mimi nilikuwa wa mikopo, nikakalishwa kwenye dirisha la kulipa. Viti vikatolewa chumba cha mikutano, foleni ikakunjwa ndani kama nyoka ili nje pasionekane mtu. Gari la pesa lilipofika, badala ya kupitia nyuma kama siku zote, masoja na masanduku yakapita mlango wa mbele, polepole, katikati ya wateja. Na akatuonya: mtu akija kutoa zote, usimuulize kwa nini, usimbembeleze, mhesabie, mwambie karibu tena. Saa tisa alasiri watu walikuwa wanaanza kurudisha, wengine bahasha ni ile ile.

Hakuna hata moja katika hayo lililokuwa kwenye mwongozo. Mwongozo ulisema "wasiliana na makao makuu." Makao makuu simu ilikuwa haishikiki, maana matawi yote yalikuwa yanawasiliana na makao makuu.

---

Msemaji_Mstaafu | saa 2:05 asubuhi

Hiyo ya karatasi mlangoni nakubali bila ubishi. Ukikanusha jambo ambalo mtu hajalisikia, umelitangaza.

---

SevaHaidanganyi | saa 4:30 asubuhi

Mzee wa Stoo, umesema nakala tatu. Sisi wa kompyuta tunasema nakala zinazoonana ni nakala moja.

Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilipita kwenye programu ya uhasibu inayotumika Ukraine kikaingia Maersk, wale wa meli, ambao makontena yao mnayaona kila siku barabara ya Mombasa. Kompyuta 45,000 na seva 4,000 zikabidi ziwekwe upya, kazi iliyochukua siku kumi hivi. Hasara walisema ni kati ya dola milioni 250 na 300. Lakini kisa chenyewe ni hiki. Kuna seva ambazo kazi yake ni kujua nani ni nani na anaruhusiwa kuingia wapi. Bila hizo huwezi kurudisha kitu. Walikuwa nazo nyingi, duniani kote, na kila moja inanakili wenzake muda wote. Mpango mzuri, moja ikifa nyingine ipo. Hakuna aliyefikiria siku zote zitakufa kwa dakika moja. Na kwa kuwa zinanakiliana, zilikufa zote.

Isipokuwa moja. Ofisi ya Ghana stima ilikuwa imepotea kabla kirusi hakijafika. Seva yao ilikuwa imezimika. Kampuni iliyokuwa wakati huo kubwa kuliko zote za meli za makontena duniani iliokolewa na stima kupotea Afrika Magharibi, na sisi huku tunailaani kila siku! Intaneti ya pale ilikuwa ndogo mno kutuma data yote Uingereza, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Kwa hiyo mmoja alipanda ndege mpaka Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski uwanjani, huyo ndiye akaruka nayo hadi London. Mbio za kupokezana kijiti, kijiti chenyewe ni diski.

Ndiyo maana mimi ofisini kwangu nina nakala moja kwenye diski isiyochomekwa popote, ndani ya sanduku la bati, nyumbani kwa mtu ambaye sitamtaja. Na namba za simu za watu thelathini zimeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi. Mkubwa wangu aliniuliza karatasi ya nini karne hii. Nikamwambia asubiri. Hakusubiri sana: 27 Julai 2023 eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, iliposhambuliwa, wageni kwenye uwanja wa ndege wa JKIA wakawa wanapewa viza papo hapo kwa sababu mtandao hauwezi, alikuja kuomba ile karatasi.

---

WakiliWaMtaani | saa 5:15 asubuhi

Nyongeza fupi kwa wenye data za wateja. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data tangu ulipojua kwamba data imevuja na kuna hatari ya kweli kwa wenye data. Wengi huanza kuhesabu kutoka siku bodi ilipokutana. Hapana. Kijana wako wa kompyuta akijua Ijumaa usiku na akaogopa kukuambia mpaka Jumatatu, saa zako nyingi zimeshakwisha, zingine ukiwa kanisani. Ni yale yale ya fundi wa stima na mshahara wake.

Na kanuni za moto za 2007 zinadai mazoezi ya kutoa watu nje angalau mara moja kwa mwaka. Kuchapisha kijitabu si mazoezi.

---

Mhasibu_Baridi | saa 7:10 mchana

Nitakuwa yule mtu wa kumwaga maji baridi, kazi yangu ndiyo hiyo.

Mnaongea kana kwamba kila kampuni ina pesa ya kujiandaa kwa bomu, moto, kirusi, foleni ya benki na mafuriko. Biashara nyingi za mji huu hazina akiba ya mwezi mmoja. Kisa cha kwanza cha Korona kilitangazwa 13 Machi 2020, na wateja wangu wote, kuanzia wa karakana Kariobangi hadi wa hoteli Westlands, hakuna hata mmoja aliyekuwa na neno "janga la maradhi" kwenye mpango wake. Waliovuka ni waliokuwa na pesa mkononi na deni dogo. Mwenye mpango mzuri na mkopo mkubwa alifunga mwezi wa sita. Kwa hiyo mimi nikiulizwa na mteja anunue nini, mshauri au akiba ya mishahara ya miezi mitatu, jibu langu mnalijua.

---

MzeeWaStoo | saa 7:35 mchana

Sikupingi kwenye akiba. Ila niambie, kumpa fundi ruhusa ya kuzima swichi bila kuuliza kunagharimu shilingi ngapi? Kuandika majina ya vibarua kwenye daftari linalokaa getini?

---

Mhasibu_Baridi | saa 7:41 mchana

Daftari shilingi mia na hamsini. Ruhusa ndiyo ghali. Siku fundi akizima kimakosa, kazi ya siku nzima imekwenda, na lazima mwenye kampuni aimeze bila kumkata mtu mshahara. Wachache wana koo pana kiasi hicho.

---

MzeeWaStoo | saa 7:44 mchana

Hapo umesema, baridi au si baridi.

---

MamaKeki | saa 9:20 alasiri

Nasoma kimya kimya tangu jana. Mimi si kampuni ya kurasa 94, ni jiko Umoja, oveni mbili na wasichana wanne. Lakini balaa langu nililipata.

Keki ya harusi, Jumamosi. Jumapili jioni dada mmoja akaandika kwenye kundi la akina mama la Facebook, lile lenye maelfu ya watu, kwamba wageni saba wanatapika na keki ni yangu. Akaweka na picha. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikakaa chini sakafuni.

Binti yangu alitaka nijibu palepale kwamba ni uongo, keki zangu ni safi, waulizeni watu wa upishi kuhusu ule wali na kuku. Na moyoni nilijua ni kuku! Lakini sikujua, nilidhani tu. Nikampigia bibi harusi kwanza. Sikumuuliza chochote kuhusu keki, nilimuuliza wagonjwa wako hospitali gani. Nikaenda. Kisha nikaandika kwenye kundi: mimi ndiye niliyeoka, nimetoka kuwaona wagonjwa, watano wameruhusiwa, oda za wiki hii nimezisimamisha, kipande kilichobaki nimekihifadhi kwenye friji atakayetaka kukipima akichukue, kesho saa nne nitaandika tena. Na saa nne nikaandika, ingawa sikuwa na jipya. Nikasema tu sina jipya.

Nilipoteza oda tano wiki ile. Chanzo hakikuwahi kupatikana, wala sitasema ni kuku. Wateja wanne kati ya watano walirudi.

Mzee wa Stoo, wale wasichana wangu siku hizi kila mmoja ana ruhusa ya kusimamisha oda. Hata yule wa miezi miwili. Ameshasimamisha moja, mayai yalimnukia vibaya. Hayakuwa mabovu. Nilimeza, kama alivyosema huyo wa hesabu. Ilikuwa keki ya elfu nne.

---

Msemaji_Mstaafu | saa 9:50 alasiri

MamaKeki, nimewalipisha watu pesa nyingi niwafundishe hiyo ya "kesho saa nne nitaandika tena." Wengi hawawezi. Wanadhani kusema "sina jipya" ni aibu, wananyamaza, na watu wanajaza wenyewe.

MzeeWaStoo, nimekaa nikafikiri. Soja atasema tu, kwa sababu kamera inafika getini kabla yangu. Ningemfundisha hivi: "Kuna moto, watu wanatolewa nje, mkubwa atakuja kuongea nanyi hapa saa sita." Asidanganye, asikisie.

---

MzeeWaStoo | saa 10:05 jioni

Nakubali yote. Isipokuwa akiulizwa kama waya zilikuwa zinatoa cheche, na yeye ameandika mara tatu?

---

Msemaji_Mstaafu | saa 10:30 jioni

Hapo kazi yangu imeisha. Kazi yangu haiwezi kurudi nyuma mwezi mmoja.

---

KijanaWaDonholm | saa 12:15 jioni

Mlinicheka jana, leo nina la maana. Mnakumbuka tumbili wa Gitaru? 7 Juni 2016, nchi nzima stima ikapotea. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, wakatoa taarifa: saa 5:29 asubuhi tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, mitambo mingine ikazidiwa, megawati zaidi ya 180 zikapotea. Na picha ya tumbili wakaweka, mzima, amekabidhiwa watu wa wanyamapori. Tulicheka wiki nzima. Lakini sikusikia mtu akisema wanaficha kitu. Saa ipo, mahali papo, mhusika yupo.

Ulinganishe na Agosti 2023, stima ilipopotea usiku wa Ijumaa tarehe 25 na JKIA ikawa giza kwa sababu jenereta iligoma kuwaka. Jenereta haina sababu ya kugoma kama inawashwa kila wiki kujaribiwa.

---

Tarishi98 | saa 12:40 jioni

Kijana, umekua kwa usiku mmoja.

---

MzeeWaStoo | Ijumaa, saa 1:50 usiku

Narudi na taarifa. Mahali nilipo sasa ni padogo, watu 64 pamoja na vibarua, Industrial Area. Baada ya uzi huu nilimwomba mkubwa tufanye mazoezi jana Alhamisi bila kutangaza. Alikubali kwa sharti moja, yasizidi nusu saa.

Soja alipiga king'ora saa nne na robo. Fundi wa stima alizima swichi kuu bila kumuuliza mtu (nilimwahidi hivyo mbele ya mkubwa, na mkubwa akatia sahihi). Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli. Ufunguo alikuwa nao mtu wa stoo, ambaye alitoka kwa mlango wa mbele akiwa nao mfukoni. Tukahesabu nje kwa daftari la geti: 61. Tukahesabu tena: 61.

Wawili walikuwa kwenye chumba cha kupakia, hawakusikia kitu. King'ora cha upande ule kilikuwa hakina betri. Zimo kwenye redio ya jikoni. Wa tatu alikuwa mkubwa mwenyewe, ofisini, yuko kwenye simu. Anasema alijua ni mazoezi.

Leo asubuhi nimesoma daftari la matukio tangu Januari, lote. La king'ora liliandikwa Machi. La kufuli limeandikwa mara mbili.

Kufuli tumelitoa leo. Betri nimenunua. Sasa natafuta fundi wa ving'ora aliye mwaminifu, wa karibu na Enterprise Road, asiyehitaji malipo yote kabla. Mwenye namba yake anitumie pembeni.